SOMO LA ROBO HII: SAMANI RAHISI KWA MBAO ZILIZOKWISHA KUTUMIKA



Ukiacha barua za maji, barua zinazoletwa kwa wingi katika ofisi ya miradi ni za kuomba mabenchi. Watoto wa shule ya Jumapili wanakaa kwenye sakafu ya saruji, wanafunzi wa kipaimara wanaandikia magotini, kikundi cha akina mama hakina meza ya kukatia vitambaa. Maombi haya ni ya haki kabisa. Hata hivyo, ninapofika usharikani kuyakagua, mara nyingi nakuta nyuma ya kanisa rundo la mbao zilizofungia zege la linta, au kenchi za paa la zamani, zikinyeshewa mvua na kuliwa na mchwa. Nyingine zimekwisha kupangiwa kazi ya kuivisha ubwabwa wa sikukuu ya mavuno. Benchi linaombwa kutoka mbali, na benchi lingine linachomwa jikoni.

Somo limeandaliwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kutengeneza hata kigoda. Tutaangalia mbao zipi zifae, zipi zikataliwe, namna ya kuziandaa, na tutatengeneza benchi moja kwa vipimo vyake vyote. Aidha, tutagusa jambo ambalo vitabu vya useremala havina, nalo ni hesabu ya mbao za usharika.

Mbao zinakopatikana

Chanzo cha kwanza ni ujenzi wetu wenyewe. Mbao zinazofunga zege huwa za paina, unene wa inchi 1 na upana wa inchi 6, 8 au 10. Nyingi hutoka mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini, hasa Mufindi na Njombe. Baada ya linta kukauka, mafundi huzibandua zikiwa na saruji na misumari, na kwa kawaida hakuna anayezitaka.

Chanzo cha pili ni mapaa ya zamani. Majengo yaliyoezekwa miaka mingi iliyopita yana mbao za 2x4 na 2x3, wakati mwingine za miti migumu kama mninga, mvule au mkangazi, ambayo leo kununua ubao wake mmoja ni mzigo. Ukikuta ubao mzito, mwekundu au wa kahawia ya dhahabu chini ya vumbi, kwangua kidogo kwa kisu kabla ya kuamua hatima yake. Nimewahi kukuta mninga ukiwa umefanywa mlango wa banda la kuku.

Chanzo cha tatu ni paleti, yaani zile jukwaa za mbao zinazobebea mizigo bandarini, viwandani na kwenye maghala. Paleti nyingi zina vipimo vya sentimita 120 kwa 100, au 120 kwa 80. Mbao zake za juu ni nyembamba, takriban sentimita 2, hivyo zinafaa rafu, masanduku na viti vya watoto kuliko benchi la watu wazima. Paleti iliyopakwa rangi moja mwili mzima, kwa mfano buluu, mara nyingi ni mali ya kampuni inayokodisha paleti. Hiyo usiichukue hata kama mlinzi wa ghala amekuruhusu.

Watu wengi huamini kwamba mbao iliyotumika ni mbao ya daraja la pili. Kwa jambo moja muhimu sivyo ilivyo. Mbao mpya ya sokoni mara nyingi huuzwa ikiwa bado mbichi, na maji yanapotoka hupungua upana, hujikunja na kupasuka. Ndiyo sababu benchi zuri la mwezi Machi huanza kucheza mwezi Agosti. Mbao iliyokaa juu ya paa miaka 30 imekwisha kukauka na kujikunja kiasi ilichotaka kujikunja. Ukiikuta imenyooka leo, itabaki imenyooka, ilimradi usiiache ilowe tena.

Mbao za kukataa

Hapa naomba kamati zisome polepole, kwa sababu mtoto atakayekalia benchi hili atakuwa pia anashika ubao wake na kutia mikono mdomoni.

Mbao yenye rangi ya kijani kibichi iliyoingia ndani, hasa ukiona mduara wa kijani pale ilipokatwa, imetiwa dawa ya chumvi za shaba, kromu na aseniki. Dawa hii huwekwa kwenye nguzo za umeme na baadhi ya mbao za kupaulia ili mchwa na fangasi wasizile. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, lakini aseniki ni sumu. Mbao hii isitumike kwa meza ya chakula, kiti cha mtoto wala rafu ya vyombo, na vumbi lake lisivutwe. Tena isichomwe kabisa jikoni, kwa kuwa sumu hubaki katika moshi na majivu. Akina mama wanaopika kwa kuni hizi waelezwe hivyo waziwazi.

Mbao za paa zilizopakwa dawa ya kahawia iliyokolea, ile ambayo wengi huiita Solignum hata kama ni ya jina jingine, nazo ziachwe kwa kazi za nje kama uzio. Zamani baadhi ya majengo yalipigwa dawa za mchwa kama aldrini na dieldrini, ambazo zimo katika orodha ya kwanza ya kemikali zilizozuiliwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mbao ikitoa harufu kali ya dawa hata baada ya kukaa juani, usiibishie. Iache.

Rangi ya zamani inayobanduka inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Usiipige msasa ikiwa kavu wala kuichoma kwa moto. Ni vema ubao huo usitumike kwa vitu vya watoto. Na kama paa lilikuwa la asbesto, kazi ya kulishusha si ya vijana wa kwaya. Itafutwe idara ya mazingira ya halmashauri kabla ya kugusa chochote.

Kuhusu paleti, tazama mhuri uliochomwa kwenye ubao wake. Mwaka 2002 nchi nyingi zilikubaliana kuhusu kanuni ya kutibu mbao za kufungashia mizigo ili wadudu wasivuke mipaka nazo. Mhuri wake una alama ya suke la ngano, herufi IPPC, herufi mbili za nchi ilikotoka na herufi za aina ya tiba. Ukiona HT, mbao ilipashwa joto mpaka kiini chake kikafikia nyuzi 56 kwa dakika 30, nayo inafaa. Ukiona MB, ilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ambayo pia huharibu tabaka la ozoni. Hiyo iache. Paleti isiyo na mhuri huenda ilitengenezwa hapa nchini. Ichunguze kwa macho na pua, na ikiwa na madoa ya mafuta, ya dawa za mimea au ya kitu usichokijua, irudishe.

Mwisho, gonga ubao kwa nyundo. Ukilia butu na kutoa unga laini kwenye matundu madogo, wadudu bado wamo. Usiuingize ndani ya kanisa ukaambukiza samani nyingine.

Leja kabla ya nyundo

Mbao zilizoshushwa kwenye paa la kanisa ni mali ya usharika. Jambo hili linajulikana na kila mtu mpaka siku zinaposhushwa. Katika usharika mmoja, ambao sitautaja, paa lilishushwa Jumamosi kwa furaha na nyimbo, na kufikia Jumatano nusu ya mbao haikuwapo. Wengine walisema amechukua fundi kama sehemu ya ujira wake, wengine wakamtaja mzee wa kanisa aliyekuwa anajenga banda. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa kuwa hakuna aliyehesabu. Mwaka mzima ulipita kabla ya sadaka ya ujenzi kurudi katika hali yake, na mzee yule, ambaye kwa maoni yangu hakuchukua kitu, aliacha kuja ibadani.

Kwa hiyo, siku ya kushusha paa au kubandua mbao za linta, wawepo watu wawili wa kamati wenye daftari. Wahesabu mbao kwa aina na urefu: 2x4 za futi 8 na zaidi, 2x4 fupi, 1x8, na vipande. Si lazima hesabu iwe ya sentimita. Kiasi kinachobaki kwa kuni kiandikwe, kinachouzwa kiandikwe pamoja na stakabadhi, na kinachotengenezwa samani kiandikwe. Fundi wa ujenzi akiahidiwa mbao, iwe katika mkataba wake tangu mwanzo.

Mbao zikihitaji kusafirishwa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, kumbukeni kwamba chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 mazao ya misitu yanaposafirishwa hukaguliwa njiani. Askari wa kizuizini hana namna ya kujua kama mninga ulio ndani ya gari ulitoka kwenye paa la kanisa au porini juzi. Pateni barua ya afisa mtendaji wa kijiji au kata inayoeleza zilikotoka, na muulizeni afisa misitu wa wilaya kabla gari halijaondoka.

Kuandaa mbao

Kazi ya kwanza, na kwa kweli ndiyo nusu ya kazi yote, ni kung'oa misumari. Usivute msumari kwa nguvu ya mkono peke yake. Weka kipande cha ubao chini ya kichwa cha nyundo ili nguvu iongezeke na ubao mzuri usichubuke. Msumari uliojikunja upande wa pili unyooshwe kwanza, upigwe kurudi nyuma mpaka kichwa kijitokeze, ndipo ung'olewe. Misumari ya paleti ina mizunguko kama ya skrubu na haitoki kirahisi. Njia nzuri ni kupitisha bleidi ya msumeno wa chuma katikati ya ubao na gogo lake, ukakata msumari wenyewe. Vichwa vitabaki ndani ya ubao, nako si kasoro.

Atakayefanya kazi hii avae viatu vyenye soli nene. Msumari wenye udongo unaochoma mguu kwa kina unaweza kuleta pepopunda, na aliyechomwa aende zahanati siku hiyohiyo hata kama damu haikutoka. Mwisho wa kazi pitisha sumaku ya spika mbovu ya redio juu ya ardhi yote. Utashangaa itakachookota mahali ambapo watoto hucheza peku.

Kisha ondoa saruji kwa brashi ya waya na patasi ya zamani. Usipige randa ubao wenye saruji au mchanga, kwani utaharibu makali ya randa kwa dakika moja. Kabla ya msumeno na randa pitisha sumaku tena juu ya ubao wote, maana msumari uliokatika ndani hauonekani. Kingo za mbao za zege huwa ndizo zilizoharibika zaidi. Ubao wa inchi 8 ukipasuliwa pande zote mbili ukabaki inchi 6, yaani kama sentimita 15, unakuwa safi karibu kama mpya.

Panga mbao ndani, juu ya vipande vya kuziinua kutoka sakafuni, na kati ya ubao na ubao weka vijiti ili hewa ipite. Wiki mbili au tatu zinatosha kwa zilizolowa juujuu.

Vifaa

Hapa ndipo fedha za wafadhili zinapofaa zaidi kuliko kununua mabenchi. Sanduku moja la vifaa vya mkono linaweza kuhudumia sharika kadhaa kwa miaka mingi: msumeno wa mbao na tupa ya kuunolea, nyundo yenye makucha, randa, patasi mbili, skwea, futi ya kupimia, bisibisi, drili ya mkono na jiriwa mbili. Ongeza msasa, gundi ya mbao na penseli. Vifaa vya umeme vinavutia macho, ila vijijini kwetu umeme hukatika, bleidi zake ni ghali na ajali zake ni kubwa kwa mtu anayejifunza. Msumeno wa mkono ulionolewa vizuri hukata ubao wa inchi 6 kwa muda usiozidi dakika moja. Usionolewa humkatisha tamaa mwanafunzi siku ya kwanza, naye hudhani tatizo ni mikono yake.

Benchi la mwanzo

Benchi hili lina urefu wa sentimita 150 na kimo cha sentimita 45. Mtu mzima huhitaji kama sentimita 45 za kukalia, kwa hiyo watakaa watatu. Mtoto huhitaji kama 30, hivyo watakaa watano. Kwa watoto wa miaka minne hadi sita punguza kimo kiwe kama sentimita 28 au 30, ili nyayo zifike chini. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hawezi kutulia, na mwalimu atamlaumu bure.

Kwa kikalio, kata mbao mbili za sentimita 150, upana wa 15. Kwa miguu, kata vipande vinne vya sentimita 42 na nusu, upana wa 14 na nusu, ambavyo utaviunganisha viwiliviwili kupata mguu wenye upana wa sentimita 29. Nyuzi za mbao za mguu zisimame wima. Zikilala, mguu utavunjika kama biskuti. Kwa mbavu zinazopita chini ya kikalio, kata mbao mbili za sentimita 126, upana wa 10. Mwisho, kata vipande vitano vya 2x2 vyenye urefu wa sentimita 24.

Unganisha kila mguu kwa vipande viwili vya 2x2 upande wa ndani: kimoja kiwe sawa na ncha ya juu kabisa, kingine sentimita 10 kutoka chini, vyote vikiwa katikati ya upana. Tumia gundi na skrubu. Kisha kata pembe mbili za juu za mguu, kila moja sentimita 2 na nusu kwenda ndani na 10 kwenda chini, ambamo mbavu zitaingia. Kama ubao wako umekuwa mwembamba baada ya randa, pima unene wake halisi na utumie huo. Chini ya mguu, katikati, kata pembe yenye umbo la V iliyopinduliwa. Benchi litasimama kwa ncha nne na halitayumba kwenye sakafu mbaya.

Simamisha miguu miwili, katikati ya mguu mmoja na mwingine iwe sentimita 110. Laza mbavu ndani ya mikato yake na uzifunge. Hapa usiendelee kabla ya kupima mshazari: kutoka juu ya mguu wa kushoto hadi chini ya mguu wa kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, benchi limekaa mraba. Visipolingana, sukuma upande wenye kipimo kirefu mpaka vilingane.

Kile kipande cha tano cha 2x2 kifunge katikati ya benchi, kati ya mbavu mbili, sawa na ncha ya juu ya mbavu. Kutoka hapo teremsha ubao wa mshazari hadi kwenye kipande cha chini cha mguu wa kushoto, na mwingine hadi mguu wa kulia. Kila mmoja utakuwa na urefu wa kadiri ya sentimita 60. Upime mahali penyewe. Mbao hizi mbili ndizo zinazozuia benchi kulala upande watu wanapojisogeza. Umbo la mraba lililopigwa misumari pembeni huweza kusukumwa likalala, lakini pembetatu haiwezi kubadilika bila kuvunja ubao. Mabenchi mengi yaliyovunjika niliyoyakagua yalikosa kitu hiki tu. Mafundi walikuwa wameongeza misumari mahali palipohitaji ubao mmoja wa mshazari.

Sasa laza mbao za kikalio, uache nafasi ya sentimita 1 katikati, na uzifunge kwenye vipande vya 2x2 na kwenye mbavu. Kikalio kisizidi mguu kwa zaidi ya sentimita 20 au 25 kila upande. Kikizidi, siku mmoja atakapoketi mwishoni peke yake benchi litainuka upande wa pili, na kwa kawaida huyo mmoja huwa ni bibi aliyewahi ibadani.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini mbavu zisimame badala ya kulazwa? Ubao hupinda kidogo au sana kulingana na kimo chake kuliko upana wake. Ukiongeza kimo mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara nane. Ubao wa inchi 1 uliolazwa hunesa chini ya watu watatu. Ubao huohuo ukisimamishwa hauonyeshi hata dalili.

Kuhusu misumari, kwa mbao za inchi 1 tumia ya inchi 2 na nusu, uipige ikiwa imeinama kidogo, mmoja kulia na mwingine kushoto, ili isichomoke kwa pamoja. Kwenye mbao ngumu toboa kwanza. Kama huna drili, kata kichwa cha msumari mwembamba na uutumie kama kitobozi. Kugonga ncha ya msumari iwe butu kidogo husaidia ubao usipasuke. Misumari ya zamani iliyonyooshwa inafaa kwa mazoezi, lakini isitumike kwenye kikalio.

Baada ya hapo piga msasa, hasa kingo, na upake vanishi mara mbili. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari ili kuzuia mchwa. Kwa samani za ndani tusifanye hivyo: huchafua nguo za waumini, hunuka, na ina masalia ya metali na kemikali zisizofaa ngozi.

Vitu vingine vya kuanzia

Rafu ya vitabu vya nyimbo ni rahisi kuliko benchi, na paleti moja au mbili zinatosha. Rafu zisizidi sentimita 80 bila nguzo, kwa kuwa vitabu ni vizito kuliko vinavyoonekana, na nyuma pawe na ubao wa mshazari. Kigoda hufuata utaratibu uleule wa benchi, ila kifupi. Sanduku la kuhifadhia mbegu au nguo za kikundi nalo ni zoezi zuri.

Anayeanza asitengeneze ngazi, kitanda cha mtoto mchanga wala jukwaa la kwaya. Jukwaa linalobeba watu 40 wanaoruka kwa pamoja linahitaji fundi mwenye uzoefu.

Wazo la kumpa mtu wa kawaida vipimo ili ajitengenezee samani limejaribiwa kwingine. Mwaka 1974 mbunifu wa Italia Enzo Mari alitoa michoro ya meza, viti, vitanda na rafu za mbao za kawaida na misumari, akamruhusu mtu yeyote kuitumia. Nguvu ya samani zake nyingi imo katika mbao hizo za mshazari. Miaka 40 baadaye, mjini Berlin, vijana wakimbizi kutoka Afrika Magharibi katika kikundi kilichoitwa Cucula walitengeneza viti kwa michoro yake kwa idhini yake, wakiingiza katika baadhi yake vipande vya mbao za mashua za wakimbizi zilizofika Lampedusa. Nawataja kwa sababu wafadhili wetu wa Ujerumani huenda waliviona viti hivyo, na kwa sababu vijana wale, kama wetu, walianza bila ufundi.

Fundi wa kijijini

Kamati nyingine huniuliza kama mpango huu hautamnyang'anya riziki seremala wa kijiji. Swali ni zuri. Ushauri wangu ni kwamba yeye ndiye awe mwalimu, naye alipwe kwa siku kama fundi yeyote. Akina mama na vijana wang'oe misumari, wasafishe, wapime na wakate chini ya macho yake. Viungo vigumu avifanye yeye. Usharika utapata mabenchi kwa gharama ya misumari, gundi, vanishi na ujira wake. Yeye atapata wasaidizi waliokwisha kujua kushika randa. Tusimwombe afanye kazi bure kwa jina la kanisa. Ana watoto shuleni kama sisi.

Kwa wafadhili wetu nina ombi dogo. Ripoti ya mradi wa namna hii haitakuwa na picha ya kupendeza kama ile ya gari limeshusha mabenchi mapya 60 yenye rangi moja. Mabenchi haya hayatafanana. Moja litakuwa na alama ya mhuri wa bandari, jingine na tundu la msumari wa paa la mwaka ambao hakuna aukumbukaye. Tafadhali tuulizeni maswali mawili: yamekaliwa kwa muda gani bila kuvunjika, na ni watu wangapi usharikani wanaoweza kutengeneza lingine.

Maswali ya kujadili katika kamati

Je, katika usharika wetu kuna mbao za aina gani sasa hivi, ziko wapi, na nani ana orodha yake? Je, kati yake zipo zenye dawa, na nani amekuwa akizichoma jikoni? Watoto wetu wa shule ya Jumapili wana miaka mingapi, na benchi lao linapaswa kuwa na kimo gani? (Pimeni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, msikisie.) Nani katika kijiji chetu anaweza kuwa mwalimu, na tutamlipa nini? Samani ipi tunayoihitaji haifai kutengenezwa na anayejifunza?

Kamati itakayotaka kuazima sanduku la vifaa iandike barua kwa ofisi ya miradi kupitia kwa mchungaji wa usharika, ikiambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari unaoonyesha hesabu ya mbao. Sanduku hutolewa kwa wiki nne, na msumeno urudi ukiwa umenolewa.